Mcheza Kwao Hutuzwa. Je, Kampala Nani Humtuza?



Mwaka uliopita, katika muhula wa pili, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walichora picha kubwa kwenye ukuta wa soko lililo jirani na shule yetu hapa Kampala. Walimchora mama aliyebeba mkungu wa matoke, mwendesha boda boda aliyesimama kumpisha mzee, na mtoto anayesoma kitabu chini ya mwavuli wa muuza nyanya. Chini yake waliandika maneno matatu: Mji ni Watu. Rangi walinunua kwa michango yao wenyewe, na kazi hiyo iliwachukua Jumamosi tatu. Uongozi wa soko ulikuwa umeridhia kwa kauli ya mdomo.

Kabla ya muhula kwisha, ukuta wote ulipakwa rangi moja ya tangazo la biashara. Mama, mzee na mtoto wakatoweka. Nilipomwendea msimamizi wa ukuta alinijibu bila hasira: "Mwalimu, wenzenu wamelipa. Ninyi mlilipa nini?" Nikaenda katika ofisi ya umma. Ofisa aliyenipokea alinipa kiti, akasikiliza hadi mwisho, akafungua jalada na kunionyesha viwango vya ada za mabango. Nikamwambia kwamba picha yetu haikuwa tangazo. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Mchoro usiouza kitu, Mwalimu, hauna fomu."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miezi kadhaa, na leo naliandikia kwa sababu naamini halikuwa kosa la ofisa yule. Alisema kweli tupu. Katika jiji letu, anayetaka kuuza maji ya chupa au muda wa maongezi anao mlango wa kubisha, anayo fomu, anayo risiti, na akionewa anayo hoja ya kupeleka mahakamani. Raia anayetaka kuupamba mtaa wake hana mlango. Ndiyo maana nadai, bila kumung'unya maneno, kwamba Kampala inahitaji Tume ya Sanaa ya Jiji iliyowekwa kwa sheria, yenye fungu lake la fedha na mikutano iliyo wazi kwa kila mkazi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii haimsifu mchezaji peke yake. Inawakumbusha wenyeji wajibu wao. Mchezaji amekwisha kutimiza wake, naye anangoja tuzo. Sasa jiulize: msanii wa Kampala anapocheza kwao, mwenyeji anayepaswa kumtuza ni nani?

Tusijidanganye kwamba sanaa ya hadhara ni mgeni kwetu. Uganda ilipojipatia uhuru mwaka 1962, taifa liliona haja ya kuusimika uhuru huo mahali ambapo kila mpita njia angeuona. Mchongaji Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere, akatengeneza sanamu ya mama aliyezungushiwa vitambaa mwilini akimwinua mtoto juu. Sanamu hiyo ingali imesimama katikati ya jiji, na picha yake imo katika vitabu vyetu vya shule. Mwaka 2012, uhuru ulipotimiza miaka 50, Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala ilianzisha tamasha la jiji, na barabara zilizozoea foleni za magari zikajaa ngoma na watu. Mwaka huohuo wasanii walianzisha tamasha lao la sanaa ya kisasa, KLA ART, na mwaka 2014 wakazigeuza pikipiki za boda boda kuwa kazi za sanaa zinazotembea mitaani. Vipaji vipo, na watazamaji wapo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kudumu, usiotegemea hisani ya mfadhili wala utashi wa kiongozi aliyepo madarakani.

Sheria tuliyo nayo kwa muda mrefu humtazama msanii kama mtu wa kudhibitiwa. Sheria ya michezo ya jukwaani na burudani za hadhara tuliirithi kutoka enzi za ukoloni, na mwaka 2019, serikali ilipoandaa kanuni mpya chini yake, wasanii wengi waliyapinga masharti ya leseni yaliyokuwamo. Kumbe dola huweza kumkumbuka msanii vizuri sana inapotaka kumpa masharti! Mbona haimkumbuki inapogawa fungu la jengo, la bustani au la barabara?

Katika somo la uraia tunawafundisha vijana kwamba Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kufurahia, kuendeleza na kukuza utamaduni akiwa pamoja na wenzake. Kifungu cha 38 kinampa raia haki ya kushiriki katika mambo ya utawala. Haki hizi mbili zinakutana wapi, kama si kwenye ukuta wa soko na uwanja wa mtaa? Haki isiyo na ofisi ya kuidai ni sawa na kisima kisicho na kamba: maji yapo, na mwenye kiu anafia ukingoni.

Nitoe mfano wa mji wa mbali, kwa sababu umekwisha kujaribu jambo hili kwa karibu karne nzima, na makosa yake pia yanatufundisha. Mji wa San Francisco, Marekani, ulianzisha Tume ya Sanaa mwaka 1932. Katiba ya mji huo inataka wajumbe 15 wanaoteuliwa na meya. Kati yao, 11 sharti wawe watu wa fani: wasanifu majengo, waandishi, wachoraji, watu wa jukwaa na wengineo, wanne waliobaki ni wananchi wa kawaida. Tangu mwaka 1969, sheria ya mji inaelekeza kwamba mji unapojenga majengo yake ya umma, asilimia 2 ya gharama za ujenzi itengwe kwa ajili ya sanaa. Tena tangu mwaka 1961, sehemu ya kodi ya hoteli husaidia vikundi vya sanaa, sherehe na magwaride ya mitaa; na mwaka 2018 wapiga kura wenyewe waliidhinisha kwamba sehemu maalumu ya kodi hiyo itengwe kwa sanaa na utamaduni.

Sasa nasikia sauti za wapinzani wangu, nami sitaki kuzikwepa.

Wa kwanza atasema: "Mwalimu, Bwaise inafurika kila mvua inyeshapo, nawe unazungumzia picha?" Nami naishi katika jiji hili, viatu vyangu vinalijua tope lake. Lakini asilimia ninayoidai haitoki katika fungu la mitaro. Inatoka katika gharama za majengo ambayo yangejengwa vyovyote vile. Jengo la umma likigharimu shilingi bilioni 10, asilimia 1 tu ni shilingi milioni 100. Fedha hizo zingewalipa wachongaji, mafundi vyuma na wachoraji wa jiji hilihili, ambao nao hununua unga sokoni na kulipa karo za watoto wao. Tena Kampala nayo hutoza kodi ya hoteli. Mgeni anayelala hapa amekuja kuuona mji. Kuna dhuluma gani senti chache za kodi yake zikienda kwenye ngoma za Kawempe au maonyesho ya Makindye?

Wa pili atasema: "Fedha hizo zitaliwa." Huenda. Lakini tuulizane: nani leo anajua ni kiasi gani hulipwa ili ukuta wa umma ugeuzwe tangazo, na nani huamua? Gizani ndiko mwizi anakostawi. Tume ninayoidai itangaze zabuni zake magazetini na redioni, kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, kwa kuwa Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Iweke kumbukumbu za mikutano mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kuzisoma. Ulaji hautakwisha kwa siku moja, ila utakuwa na mashahidi.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Yeye ni msanii, naye atasema: "Ukiipa serikali brashi, itachora sura yake tu." Hofu hii ina msingi. Ndiyo maana tume isiwe ofisi ya leseni wala ya kukagua nani kaimba nini. Wajumbe walio wengi wawe wasanii waliopendekezwa na wasanii wenzao, kila tarafa kati ya tano za jiji iwe na mwakilishi, muda wao uwe na kikomo, na kila wanapokataa kazi watoe sababu kwa maandishi.

Wala sidai kwamba tume haikosei. Mjini San Francisco palikuwa na kundi la sanamu la mwaka 1894 lililomwonyesha mwenyeji wa asili ameketi chini, miguuni pa wageni waliokuja kuitwaa nchi yake. Wazawa na watetezi wao waliilalamikia miaka mingi. Hatimaye mwaka 2018 Tume ilipiga kura iondolewe. Bodi ya rufaa ikazuia. Baadaye bodi hiyohiyo ikageuza uamuzi wake, na mwezi Septemba sanamu ikaondolewa. Zaidi ya karne moja! Ni aibu, na sitaitetea. Lakini angalia jinsi ilivyoondoka: watu waliketi barazani, wakasema, wakapingwa, wakarudi, wakasema tena, na kila neno likaandikwa. Walikuwa na mlango wa kubisha. Picha ya wanafunzi wangu ilifutwa kwa siku moja, bila kikao, bila barua, bila jina la aliyeamua.

Na hilo ndilo linaloniuma kuliko rangi iliyopotea. Jumatatu iliyofuata mwanafunzi mmoja, mpole wa kawaida, aliniuliza darasani: "Mwalimu, si ulitufundisha kwamba mji ni wetu?" Nilikuwa na chaki mkononi, nisijue la kuandika. Mtoto aliyefundishwa uraia kwa mdomo na kunyang'anywa kwa vitendo, atakayemsadiki kesho ni nani? Hatutakuwa na haki ya kushangaa akikua akiuona mji kama mali ya wenye fedha, akautupia taka na kuuvunjia taa.

Basi, ndugu msomaji, nakuomba mambo matatu. Kwanza, mjue diwani wako, umwulize ana kwa ana msimamo wake kuhusu Tume ya Sanaa ya Jiji, na jibu lake uliandike pamoja na tarehe. Pili, wewe mwalimu mwenzangu, wapeleke wanafunzi wako mbele ya ile sanamu ya uhuru, uwaeleze Maloba alikuwa nani, kisha waandike insha kuhusu sanamu ambayo wangependa isimame katika mtaa wao. Tatu, wewe msanii, usikubali tena ruhusa ya mdomo. Dai karatasi, hata kama utaambiwa fomu haipo. Wakiulizwa fomu hiyo kila wiki, watalazimika kuichapa.

Wanafunzi wangu wamekwisha kuchanga fedha za rangi nyingine. Safari hii nimewaagiza waandike barua ya maombi kabla ya kushika brashi. Wamenikabidhi bahasha, imefungwa vizuri, na mwandiko ni safi. Juu yake wameacha nafasi tupu, kwa sababu hatujui iende kwa nani.