Nasomea uhandisi wa programu, na sitaacha

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mjomba hunisihi nihamie ualimu. Anasema mashine itaandika programu zote. Hofu yake ina msingi: kazi ndogondogo ambazo wahitimu huanzia ndizo mashine inazozimudu zaidi. Lakini nilipotengeneza programu ya kikoba cha mama huku Mbagala, mashine iliandika hesabu za hisa na riba kwa dakika chache. Haikujua kwamba mwanachama aliyefiwa hatozwi faini ya kuchelewesha rejesho. Hilo nililijua kwa kukaa mkekani na akina mama na kuwasikiliza. Vyuo vitupeleke kwa watumiaji tangu mwaka wa kwanza: sokoni, kwenye zahanati na vyama vya ushirika. Anayeyaelewa matatizo ya watu ndiye atakayeendelea kuhitajika.