Kireno cha paka na mbwa

Jamani wadau, leo nina neno na walimu wenzangu watarajiwa. Sisi wa Newala na Masasi majirani zetu wanaongea Kireno, ni mto Ruvuma tu uko katikati. Ng'ambo kule Msumbiji kuna Wamakonde kama huku, ila shuleni na ofisini ni Kireno. Na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe mwaka 2010 pale Mtambaswala, gari linavuka.

Sasa mtu akitaka kujifunza Kireno anafanyaje? Anaandika jedwali la vitenzi na kulikariri kama sala: como, comes, come, comemos, comem. Nakula, unakula, anakula, tunakula, wanakula. Ukimuuliza kitu, anaanza kuhesabu toka juu!

Mi naona bora kuongelea wanyama wa nyumbani. Tens um gato? Una paka? Tenho. Ninaye. Hapo ushashika nafsi mbili. O gato já comeu? Paka ameshakula? Tayari uko kwenye wakati uliopita, na jedwali hujaligusa.

Tena sisi tuna bahati. "Ninakula" haihitaji "mimi", kama "como" isivyohitaji "eu". Mtendaji yumo ndani ya kitenzi, sisi tunamweka mbele, wao nyuma. Hata Kihispania, ndugu yake Kireno, ni hivyo hivyo: tengo, nina, tienes, una.

Kuna atakayesema ukiongelea paka utabaki na nafsi ya tatu tu. Kweli, ndiyo maana lazima umrudishie mwenzio swali: wewe unamlisha nini? Ila nafsi hiyo ya tatu ina kazi nyingine tamu. Mzee humwambii "tens", unamwambia "o senhor tem um cão?" Yaani kitenzi cha paka ndicho cha heshima kwa mzee, kwi kwi kwi!

Kinachoniuma zaidi ni Kiingereza. Mtoto wa shule ya kata kasoma kwa Kiswahili mpaka la saba, form one anakutana na Kiingereza kila somo. Go, went, gone anaimba vizuri kabisa, ila muulize kwa Kiingereza mbwa wenu analala wapi: kimya. Najua mtihani hauulizi habari za mbwa. Lakini tukienda mazoezi ya kufundisha, dakika tano za maswali kabla ya jedwali zitatupunguzia nini? Mi nitaanza na kuku, maana huku kwetu karibu kila nyumba wapo. Nyie je?