Tamko Kuhusu Mizizi ya Meno na Wajibu wa Kupiga Picha Kabla ya Kutibu, Wilaya za Tarime na Serengeti

Sisi madaktari na matabibu wa kinywa na meno tunaohudumia wananchi wa Tarime na Serengeti, kwa pamoja katika chama chetu, tunatoa tamko hili kuelekea Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, inayoadhimishwa Machi 20 kila mwaka. Tunalielekeza kwa wagonjwa wetu, kwa wazazi, kwa wanataaluma wenzetu, na kwa halmashauri zinazopanga bajeti za vituo vya afya, kuanzia Sirari na Nyamongo hadi Mugumu na Nata.

Msimamo wetu ni huu: jino lisitibiwe mzizi, wala gego lenye dalili za ugumu lising'olewe, kwa kukisia jinsi mizizi yake ilivyokaa. Mizizi ya meno ya binadamu haifanani. Hutofautiana kwa idadi, kwa urefu, kwa mpindo na kwa mifereji iliyomo ndani yake, na tofauti hizo hazionekani mgonjwa anapofungua mdomo.

Tuanze na gego la kwanza la chini, maana ndilo linalotupa kazi kubwa. Vitabu husema lina mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma, na mifereji mitatu. Kwa wagonjwa wengi ndivyo lilivyo. Wapo hata hivyo wenye mifereji minne, na wapo wachache wenye mzizi wa tatu: mwembamba, umejificha upande wa ulimi na kujikunja kama ndoana. Georg Carabelli wa Vienna aliuandika tangu mwaka 1844. Kwa Waafrika na Wazungu ni wa nadra, kwa kawaida chini ya watu 5 katika 100, ilhali kwa baadhi ya jamii za Asia ya Mashariki hupindukia 20 katika 100. Unadra huo ndio unaotuponza. Asiyeutarajia hautafuti. Aking'oa jino bila kujua, ncha hukatikia ndani ya taya. Akisafisha na kuziba mizizi miwili akauacha wa tatu, vijidudu hubaki humo, na baada ya miezi kadhaa mgonjwa hurudi fizi imevimba usaha, akisema dawa haikushika.

Hapa tunasema jambo ambalo hata baadhi yetu hulipuuza foleni inapokuwa ndefu: picha moja ya eksirei haitoshi. Ikipigwa moja kwa moja kutoka mbele ya jino, mzizi wa tatu hujipanga nyuma ya ule mkubwa na kuonekana kivuli kimoja. Mashine ikisogezwa pembeni kidogo na kupigwa picha ya pili, vivuli viwili huachana. Kazi ya ziada ni ya dakika chache. Na kwa wanaoogopa mionzi: picha ndogo ya jino humpa mtu kiasi kidogo kuliko mnururisho wa asili anaoupata kwa siku chache akiwa shambani kwake. Mama mjamzito atujulishe tu mapema.

Magego ya juu yana mtego wake. La kwanza huwa na mizizi mitatu, lakini mzizi wake wa mbele upande wa shavu mara nyingi hubeba mifereji miwili. Tafiti za kisasa zinazotumia hadubini huukuta mfereji huo wa ziada katika zaidi ya nusu ya meno. Mlango wake ni mdogo mno. Faili namba 10 tunayotangulizia kuutafuta ina ncha ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu ya mizizi hiyo kuna uwazi wa sinasi, na mkono wenye haraka unaweza kusukumia humo kipande cha mzizi, kikahitaji upasuaji kukitoa. Hata meno membamba ya mbele ya taya la chini, ambayo wengi huyaona mepesi, takriban robo yake au zaidi yana mifereji miwili.

Maarifa haya yalitoka wapi? Walter Hess wa Zurich alichapisha kazi yake kubwa mwaka 1917, baada ya kujaza mpira ndani ya maelfu ya meno yaliyong'olewa ili kuona umbo la mifereji. Mwaka 1984 Frank Vertucci wa Florida alichunguza meno 2,400 na kugawa mifereji katika aina 8, na mgawanyo huo bado unafundishwa. Hatuna ugomvi na kazi hizo. Tunachosema ni kwamba meno yaliyochunguzwa hayakutoka Bukira wala Ikoma. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Rwenyonyi na wenzake, walichukua magego ya Waganda, wakayapenyeza wino na kuyafanya yapenywe na mwanga, kisha wakachapisha matokeo mwaka 2007 kwa magego ya juu na mwaka 2009 kwa ya chini. Kwa magego ya juu, waliyoyakuta yalitofautiana na tafiti za awali za kwingineko. Mtaalamu wa meno ya kale Joel Irish naye ameonyesha kwamba jino la kwanza kati ya yale yaliyopo baina ya chonge na magego ya juu huwa na mizizi miwili mara nyingi zaidi kwa watu wa kusini mwa Sahara kuliko kwa wengine.

Tofauti hizi ni za zamani sana, na ushahidi hauko mbali nasi. Taya lililopatikana Peninj, kando ya Ziwa Natron, mwaka 1964, la kiumbe wa jamii ya Zinjanthropus aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, lina meno ambayo kwetu leo kwa kawaida huwa na mzizi mmoja, lakini yeye alikuwa nayo yenye miwili.

Tungependa kuzuia tafsiri mbaya mapema. Hakuna mzizi wa Kikurya, wa Kingoreme wala wa Kijaluo. Tofauti baina ya jamii ni za uwiano tu, na ndani ya boma moja ndugu wawili wanaweza kutofautiana. Asitokee mtu wa kumtazama mgonjwa jina lake la ukoo akadhani amepata picha.

Kwa wazazi tuna ombi mahususi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akikaribia miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Mizizi yake huwa haijafunga; huchukua kama miaka 3 zaidi kukomaa, na jino likifa kabla ya hapo, kulitibu ni vigumu zaidi na hubaki dhaifu. Mleteni mtoto kabla halijauma. Kwa wanaong'oa meno gulioni kwa koleo bila ganzi wala picha, tunasema waache. Na kwa wananchi, kipande cha mzizi kilichobakia huko kileteni hospitali, hatutamgombeza mtu.

Halmashauri tunaziomba zitenge fedha za mashine ya eksirei ya meno katika kila kituo kinachotoa matibabu ya mzizi, iliyosajiliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, pamoja na fedha za kuitengeneza inapoharibika. Kipengele cha matengenezo husahaulika, na mashine iliyofunikwa shuka haimsaidii mtu. Shule ya Udaktari wa Meno ya Muhimbili tunaiomba ishirikiane nasi kuchunguza meno yanayong'olewa katika wilaya hizi mbili. Tuko tayari kuyahifadhi, kwa ridhaa ya maandishi ya mgonjwa na bila jina lake.

Sisi wenyewe tunajifunga kwa haya: kupiga picha kabla ya kuanza matibabu ya mzizi na baada ya kuziba, kumpa rufaa mgonjwa mapema mizizi ikionekana kutuzidi uwezo, badala ya baada ya kuvunja, na kumwandikia kila tuliyemtibu mzizi, kwenye kadi yake, jino lipi limetibiwa, lilikuwa na mizizi mingapi na mifereji mingapi imezibwa. Mgonjwa asiyepewa maandishi hayo ana haki ya kuyadai kabla hajatoka dirishani.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama, Tarime na Mugumu.