Kuziba Varanda ni Israfu

Katika mtaa mmoja wa zamani mjini Morogoro, chini ya miteremko ya Uluguru, umekamilika mwaka huu ukarabati wa nyumba iliyojengwa enzi za ukoloni, na wapita njia wanaisifu kwa kuwa inang'aa. Mwenyewe, ambaye hakuna haja ya kumtaja jina, ameziba varanda iliyoizunguka ili apate vyumba zaidi, ameng'oa madirisha ya mbao yenye luva akaweka vioo vya kuteleza katika fremu za alumini, ameshusha dari ya jipsamu, na baada ya hayo yote amefunga viyoyozi. Kazi ya namna hii haistahili kuitwa ukarabati. Ni kununua joto kwa fedha taslimu, kisha kununua baridi kila mwezi maisha yote. Na kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili sasa linaigwa mtaa kwa mtaa kama kwamba ndilo maendeleo.

Insafu yanilazimu kuzitaja hoja za upande wa pili. Husemwa kwamba familia zimekua na viwanja vya mjini ni ghali, hivyo varanda ni nafasi inayopotea. Husemwa kwamba vioo huzuia vumbi, wezi na mbu. Na husemwa kwamba kila mtu ana hiari na mali yake. Ya kwanza hujibiwa na chumba cha kuongeza uani. Ya pili hujibiwa na wavu na nondo, ambavyo havikosekani katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ya tatu ni kweli, ila hiari ya kukosea hailigeuzi kosa kuwa busara.

Linalokata shauri ni jua lenyewe. Morogoro iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba. Katika nchi ya jinsi hiyo, adhuhuri mzigo wa joto hulielemea paa, na kuta husitirika hata kwa upenu mdogo; balaa la kuta huja asubuhi kwa upande wa mashariki na alasiri kwa upande wa magharibi, wakati jua limeinama na miale yake hupita chini ya upenu ikaupiga ukuta usoni. Hapo ndipo ilipo kazi ya varanda pana. Ukuta mnene usioguswa na jua hubaki na ubaridi wake mchana kutwa, lakini ukuta huo huo ukifikiwa na jua la saa tisa hunywa joto hata maghribi, kisha hulitoa chumbani usiku, saa zile zile ambazo mwenye nyumba anataka kulala.

Sasa tazama yanayotokea varanda ikizibwa. Ukuta mpya wa tofali za saruji unasimama juani bila kinga. Vyumba vipya vinapata moto moja kwa moja. Na vyumba vya kati, ambavyo zamani madirisha yake yalifunguka varandani, vinabaki bila njia ya hewa isipokuwa kupitia chumba cha mtu mwingine. Kioo hupitisha miale ya jua kwa ukarimu, lakini joto linalotolewa na sakafu na fanicha hulizuia lisirudi nje kama lilivyoingia. Na dirisha la kuteleza, hata likifunguliwa lote, ni nusu tu iliyo wazi. Usiku, hewa iliyopoa juu ya milima huwa nzito, hushuka na miteremko kuja mjini, nayo ni neema isiyo na ankara. Mwenye nyumba huyu ameifungia njia, kisha analipia umeme ili apate kile kile alichokifukuza mlangoni.

Na umeme ukikatika je? Mgawo wa mwaka 2023 haujasahauliwa, na haukuusaza mkoa huu wenye bwawa la umeme la Kidatu. Nyumba yenye varanda na luva ilikalika saa hizo. Nyumba ya vioo ilikuwa tanuri.

Wala asiniambie mtu kwamba varanda ni alama ya ufukara au ya ushamba. Sultani Sayyid Barghash alipojenga jumba la Beit el Ajaib kule Unguja, ikakamilika mwaka 1883, hakukosa mali wala hakuogopa mambo mapya, maana jumba hilo lilikuja kuwashwa taa za umeme. Na bado alilizungushia varanda pana, ghorofa juu ya ghorofa. Mtawala aliyeweza kununua chochote alichagua kivuli. Sisi tunaokopa benki ili tununue mabati na vioo, tunakitupa kivuli hicho kama takataka, kisha tunajiita watu wa kisasa!

Anayetaka kuitengeneza nyumba ya zamani kwa haki aiache varanda wazi, azikarabati luva badala ya kuzing'oa, atoboe matundu juu ya kuta ili joto la darini litoke, na apande mti upande wa magharibi. Nayo Manispaa ya Morogoro, kabla ya kutoa kibali cha kubadili nyumba kongwe, imuulize mwombaji maswali mawili: jua la alasiri litaangukia wapi, na upepo wa usiku utaingilia wapi na kutokea wapi. Asiye na jibu asipewe kibali.