Majuto ya Peugeot 504

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu amewatembelea wengi waliouza Peugeot 504 zao kwa bei ya kutupa, zikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Gari hilo lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Mashambani lilibeba abiria, magunia na hata majeneza. Lakini hasara kubwa, kwa maoni yangu, imewapata wanafunzi wa ufundi. Kwa spana chache tu waliweza kuifungua kabureta wakaona petroli inavyochanganyika na hewa. Magari ya leo huificha kazi hiyo ndani ya kompyuta. Ndugu msomaji, ikiwa unayo moja iliyolala uani, usiiuze kabla hujazungumza na mwalimu wa chuo cha ufundi kilicho jirani.