Msitupimie Wachawi kwa Mizani ya Duka

Naandika haya nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe. Kila nikikaa na wachezaji wa Dungeons & Dragons, ikifika habari ya mchawi kupambana na mchawi, wawili tu, ana kwa ana, wimbo ni ule ule: usawa, usawa, usawa. Anatokea mtu na jedwali lake, kajumlisha pointi za uhai, kagawanya madhara kwa duru, halafu anatangaza kwamba pambano limekaa sawa. Limekaa sawa, ndiyo, kama magunia mawili ya sukari kwenye mizani ya duka. Nani analipa nauli kwenda kutazama magunia ya sukari?

Na hata huo usawa wenyewe haupo. Hebu tufanye hesabu yao, maana wanaipenda. Chukua wachawi wawili wa ngazi ya 5 kwa sheria za mwaka 2014, wanaofanana kila kitu. Kila mmoja ana uhai wa pointi 27 hivi, na nafasi mbili za kutabana uchawi wa ngazi ya 3. Fireball, ule moto unaopendwa na kila mtu, hurushwa kwa dadu 8 za pande sita. Wastani wake ni 28. Umeona? Uhai 27, moto 28. Sasa, nani anaanza? Inaamuliwa na dadu moja ya pande 20, kabla hata mtu hajafungua mdomo. Aliyeanza anarusha moto. Mwenzake anauzima kwa Counterspell. Aliyeanza naye anakuzima kule kuzima, kwa Counterspell yake, na sheria zinamruhusu. Mwenzake jibu lake la duru ile limeshatumika, na moto unamfikia. Asipobahatika kukwepa, kwa kawaida yuko chini. Watu wawili sawasawa kwa kila namba, na kilichoamua ni dadu ya mwanzo. Usawa gani huo, jamani?

Mwaka 2024 sheria ya Counterspell ilibadilishwa: anayezimwa hupewa dadu ya kujitetea, na akizimwa hapotezi nafasi yake. Sawa, kiraka kizuri. Lakini kanzu ni ile ile.

Nina sababu ya kukereka. Kuna rafiki yangu alimlea mchawi wake mezani kwangu kwa miezi kumi na moja. Alikuwa na daftari: mama wa huyo mchawi aliitwa nani, kijiji chake kilinuka vipi mvua ikinyesha, mwalimu aliyemuuza alikuwa na kovu upande gani. Miezi yote hiyo tulikuwa tunamtafuta yule mwalimu. Siku walipokutana, mimi mwendesha mchezo nilikuwa nimeshapanga namba zangu zikatulia, usawa mtupu. Pambano likaisha duru ya kwanza. Mchawi wake alikufa hajasema neno hata moja. Rafiki yangu akafunga daftari, akauliza kama chai bado ipo. Wiki tatu zilizofuata hakuja.

Nani alikosea? Si dadu. Nilikosea mimi, kwa kuamini kwamba kazi yangu ilikuwa kupima.

Ajabu ni kwamba mchezo huu ulizaliwa na vitabu. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, wazo la mchawi anayehifadhi maneno machache kichwani, na akiyatamka yanamtoka, lilitoka kwa Jack Vance, kwenye The Dying Earth ya mwaka 1950. Kwa Vance hilo ni jambo la kutisha: mtu anatoka nyumbani na maneno manne tu, na lazima achague. Sisi tumeligeuza kuwa idadi ya risasi.

Tazama A Wizard of Earthsea ya Ursula Le Guin, ya mwaka 1968. Ged na Jasper, wanafunzi wawili wenye wivu, wanachokozana usiku. Ged anamwita mwanamke aliyekufa zamani, na ule ufa alioufungua unatoa kivuli. Mkuu wa wachawi anakufa akiuziba. Nani alishinda? Swali halina maana. Kitabu chote kilichobaki ni malipo ya dakika zile chache. Au ile filamu ya Disney ya mwaka 1963, The Sword in the Stone: Madam Mim anaweka masharti, kisha anayavunja mwenyewe kwa kujigeuza joka. Merlin anajibu kwa kuwa kijidudu cha maradhi. Ukiwapima kwa jedwali, joka na kijidudu, hata hutaruhusu pambano lianze. Na ndilo pambano zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, tena la watoto.

Sisi wenye Kiswahili ndio tulipaswa kulijua hili kabla ya wote. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zinagombana, washairi walirushiana beti kuvuka bahari, Muyaka bin Haji akiwa upande wa Mombasa. Na magazeti yetu yamebeba malumbano ya mashairi kwa miongo mingi. Malumbano yana ukali, lakini yana adabu yake: unayejibu hulazimika kuingia nyumba aliyoijenga mwenzako. Unachukua vina vyake, unashika hoja yake, unaifunga au unaifumbua. Huwezi kunyamaza halafu ukarusha moto wa dadu 8. Waliobuni Ars Magica mwaka 1987 waliliona hili. Wachawi wao wana pambano rasmi, certamen, la kumaliza ugomvi bila kuuana.

Najua nitakachoambiwa: kwa mtindo huo atashinda mwenye mdomo, na mchezaji mwenye haya ataonewa. Hoja hii naiheshimu, maana yule rafiki yangu mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Ndiyo maana sikumwambia atoe hotuba. Aliporudi, nilimwomba turudie usiku ule kama haukuwahi kutokea. Kila upande ukaweka rehani kitu kimoja kisicho uhai. Kila duru tukaandika kwenye karatasi, kimya, bila haraka, tukafunua pamoja. Jibu lilikuwa lazima lichukue kitu kimoja kilichotajwa na mwenzako kwenye duru iliyopita: nikitaja mto, nawe unao mto wa kuutumia. Dadu tulizirusha pale tu majibu yote mawili yaliposimama. Hakuna aliyeanza, kwa hiyo hakuna aliyemaliza kabla ya mwenzake.

Mwalimu wangu aliweka rehani sauti yake. Rafiki yangu aliweka jina la mama wa mchawi wake.

Zilikwenda duru sita. Kwenye ya nne alinikamata kwa kovu, lile lile la kwenye daftari, nikabaki natazama karatasi kama mjinga. Mwisho alishindwa, dadu zilimkataa, na mchawi wake akatoka pale hai lakini hajui tena mama yake aliitwaje. Wiki iliyofuata alifika dakika ishirini kabla ya wenzake, daftari mkononi, akitaka kujua jina likichukuliwa huwa linapelekwa wapi.