Maktaba ya bure yaweza kumgharimu mwenye duka

MFANYABIASHARA anayeajiri mtunza fedha humtaka alete mdhamini, humpa droo yenye ufunguo, na kila jioni huketi naye kuhesabu mauzo. La kushangaza ni kwamba mfanyabiashara huyo huyo, anapoamua kuuza bidhaa zake kwa njia ya intaneti, kazi ya kupokea fedha humkabidhi mtunza fedha mwingine ambaye hamjui, hajui alikotoka, wala hana hakika kama mwakani atakuwepo.

Mtunza fedha huyo si mtu. Ni programu ndogo ambayo mafundi wa kompyuta huiita maktaba.

Kampuni za simu zinazoendesha huduma za fedha zimefungua mlango maalumu unaoziwezesha programu za wafanyabiashara kuzungumza na mitambo yao moja kwa moja. Mlango huo hujulikana kama API. Safaricom ya Kenya, iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2007, ilifungua mlango wake uitwao Daraja mwaka 2017 na kuutolea toleo la pili mwaka 2021. Vodacom Tanzania, iliyoanza M-Pesa mwaka 2008, nayo ina mlango wake.

Kuupita mlango huo si kazi nyepesi. Kwa upande wa Daraja, programu ya duka hutakiwa kwanza kutoa funguo mbili za utambulisho ili ipewe tokeni, yaani kibali kinachodumu kwa saa moja tu. Kisha huandaa ombi lenye namba ya biashara, kiasi cha fedha, namba ya simu ya mteja, tarehe na saa hadi sekunde, nywila inayotokana na kuunganisha baadhi ya vitu hivyo, pamoja na anwani ya intaneti ambako majibu yatapelekwa. Tarakimu moja ikikosewa katika nywila, ombi hukataliwa.

Maktaba humwondolea fundi adha yote hiyo. Yeye huandika mstari mmoja tu wa kumdai mteja shilingi 500, na maktaba huomba tokeni, hutengeneza nywila na kupeleka ombi. Nyingi kati ya maktaba hizo zimeandikwa na vijana wanaojitolea, wakazitoa bure kwa kila anayezihitaji.

Hapana shaka kwamba huo ni msaada mkubwa. Kumtaka kila mwenye duka aandikiwe programu yake kuanzia mwanzo ni sawa na kumtaka kila muuza nyama atengeneze mizani yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba maktaba haifichi kazi ya kifundi peke yake. Huficha pia maamuzi ya kibiashara, na maamuzi hayo ni ya mwenye mali.

Ombi kupokelewa si kulipwa

Uamuzi wa kwanza ni lini fedha zihesabiwe kuwa zimelipwa. Programu ya duka inapopeleka ombi la malipo kwenye Daraja, hupata jibu mara moja. Jibu likiwa sifuri, maana yake ni kwamba ombi limepokelewa. Wakati huo mteja ndiyo kwanza anaona ujumbe kwenye simu yake ukimtaka aweke namba ya siri. Anaweza kuiweka, anaweza kughairi, au salio likawa halitoshi. Matokeo halisi hufika baadaye, katika taarifa ya pili inayopelekwa kwenye ile anwani ya duka. Humo sifuri ndiyo humaanisha kuwa malipo yamekamilika, na 1032 humaanisha kuwa mteja ameghairi.

Kuna sifuri mbili, basi, na maana zake haziko karibu hata kidogo. Maktaba inayorudisha neno "imefanikiwa" baada ya sifuri ya kwanza humfanya fundi asiye makini aruhusu mzigo utoke kabla shilingi haijaingia. Mwenye duka huja kugundua mwisho wa mwezi kwamba daftari la mauzo na taarifa ya M-Pesa havipatani. Hapo lawama humwangukia kijana wa stoo.

Kimya nacho kina gharama

Uamuzi wa pili ni la kufanya pale jibu lisipokuja. Mtandao hukatika, umeme huzimika, na seva ya duka huzidiwa. Baadhi ya programu, zikikosa jibu, hurudia ombi zenyewe. Kwa anayesoma habari za hali ya hewa, kurudia hakuna madhara. Kwa anayedai fedha, mteja anaweza kuona ujumbe wa pili, akadhani wa kwanza haukufika, akaweka tena namba ya siri. Mteja aliyekatwa mara mbili hamjui mwandishi wa maktaba. Anamjua mwenye duka.

Safaricom imeweka njia ya kuuliza ombi fulani limeishia wapi, kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya ombi hilo. Lililo sahihi ni kuuliza kwanza, kisha ndipo ombi lirudiwe. Lakini kuuliza huko kunawezekana tu iwapo programu ya duka ilihifadhi namba hiyo. Maktaba inayoitupa baada ya kuipokea imetupa stakabadhi.

Kampuni ya Stripe ya Marekani, ambayo mwaka 2020 ilitangaza kuinunua Paystack ya Nigeria, ilishughulikia jambo hili mapema. Hutoa yenyewe maktaba kwa lugha kadhaa za kompyuta, na kila ombi linaweza kubeba namba ya pekee. Ombi likirudiwa likiwa na namba ile ile, mtambo hutambua kuwa ni la awali na haumkati mteja mara ya pili. Huo ni utaratibu ambao kampuni za simu za Afrika Mashariki zingepaswa kuuiga, kwa kuwa zenyewe ndizo zinazokata ada.

Namba hubadilika, maktaba hubaki

Uamuzi wa tatu ni nani atakayeitunza maktaba baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa namba za simu zinazoanza na 01, baada ya watu kuzoea 07 kwa miaka mingi. Maktaba iliyoandikwa mwaka 2017, yenye ukaguzi unaokubali 07 peke yake, ingewafukuza wateja wapya hao mlangoni. Duka lingeendelea kuuza kwa wateja wa zamani, hivyo mwenye duka asingeona dalili yoyote ya ugonjwa. Angeona tu kwamba biashara haikui.

Mwezi Machi 2016 dunia ilipata somo kali zaidi. Mwandishi mmoja wa programu za bure, baada ya kuvutana na kampuni juu ya jina, aliondoa programu zake zote kwenye ghala la npm linalotumiwa na mafundi wa nchi nyingi. Mojawapo, iitwayo left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Ghafla mafundi wa kampuni kubwa kwa ndogo walishindwa kuunda programu zao, kwa sababu maktaba walizozitumia zilitegemea maktaba nyingine ambazo nazo ziliitegemea hiyo. Ghala liliirudisha baada ya saa chache. Wengi ndipo walipojua kwamba walikuwa wakiitegemea.

Kwa mfanyabiashara mwenye duka Arusha na jingine Nairobi hesabu ni ngumu zaidi. Jina ni M-Pesa pande zote mbili, lakini milango si mmoja. Kwa Vodacom, ufunguo hufungwa kwanza kwa fumbo la RSA ndipo programu ipate namba ya kikao. Maktaba ya Daraja haitafanya kazi hapo. Atahitaji mbili, kila moja na mtunzaji wake.

Nani abebe mzigo

Hoja ya kwamba kitu cha bure hakina haki ya kulalamikiwa ni ya kweli, ila inamhusu mwandishi aliyejitolea peke yake. Haiihusu kampuni ya simu. Kampuni inayokata ada katika malipo ya mfanyabiashara ina wajibu wa kutoa maktaba yake yenyewe, kuitunza, na kutangaza mabadiliko miezi kadhaa kabla hayajaanza. Kuwaachia vijana kazi hiyo bila malipo ni kuhamisha gharama kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye nazo.

Hadi hapo wajibu huo utakapotekelezwa, mwenye duka asikae akisubiri. Mkataba wake na fundi uitaje maktaba inayotumika, toleo lake na mtunzaji wake. Ueleze kwamba mzigo hautoki hadi taarifa ya pili ifike, na kwamba namba ya kila ombi inahifadhiwa. Funguo za siri ziwe mikononi mwa mwenye biashara, zisiandikwe ndani ya programu wala kubaki kwenye kompyuta ya fundi aliyekwishaondoka. Na kila siku mauzo ya duka yalinganishwe na taarifa ya kampuni ya simu, kama vile droo inavyohesabiwa.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji shahada ya kompyuta. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maktaba si daftari, na fundi anayeileta si mwenye mali.